Farasi Aliyekatazwa Kukimbia Eldoret

Niliingia Eldoret nimesimama. Kutoka Nanyuki hadi hapo sikuketi hata mara moja, kwa sababu nyuma ya lori hakukuwa na kiti. Kulikuwa na maranda ya mbao sakafuni, ndoo za maji, na farasi jike mwekundu ambaye hakuwahi kusafiri mbali hivyo. Tulipofika Nyahururu dereva alinionea huruma.

"Kuja ukae huku mbele kama binadamu," akasema.

"Binadamu akitoka hapa, huyu ataanza kupiga mateke, na mbao za lori lako hazitafika Nakuru."

Akacheka, akafunga mlango, tukaendelea.

Kazi yangu ilikuwa usaisi, yaani kutunza farasi: kulisha, kusugua, kufagia banda, kufunga tandiko, na kumfanyisha mnyama mazoezi mwenyewe asipokuwepo. Niliianza nikiwa kijana aliyetoka kidato cha nne huko kwetu karibu na ziwa, nayo ikanibeba hadi Nairobi, Naivasha, Timau na Nanyuki. Nyumbani walisema sitawahi kutulia. Walisema kweli, na sikuona ubaya wake. Kila mahali nilipoishi nilipatamani baada ya kupaacha. Hiyo ndiyo namna yangu ya kupenda mahali, na sijamwomba mtu msamaha kwa ajili yake.

Timboroa lori lilisimama ili injini ipoe. Ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani, na farasi alikuwa akitetemeka. Nikamwekea blanketi langu juu ya lake, nikajiegemeza ubavuni mwake ili sote tupate joto. Sikio langu likaangukia nyuma ya kiwiko cha mguu wake wa kushoto, pale moyo wa farasi unaposikika vizuri. Ulikuwa ukipiga polepole na sawasawa, kama mtu anayetwanga mahindi asiye na haraka ya kupika. Nilisikiliza mpaka dereva akawasha gari. Nalitaja hilo kwa sababu baadaye watu walitaka kuniambia kwamba farasi yule aliletwa akiwa mgonjwa. Hakuletwa mgonjwa. Mimi nilikuwepo.

Aliyemnunua alikuwa mkimbiaji zamani, wa zile mbio ndefu za barabarani katika miji ya ng'ambo. Sasa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini na nyumba kubwa Elgon View, yenye uwanja wa nyasi nyuma yake. Magoti yake yalikuwa yamemkataza kukimbia, kwa hiyo akaamua miguu minne imkimbilie. Alijifunza kupanda farasi akiwa mtu mzima, bila aibu ya kuanguka, na alianguka sana. Alichopenda zaidi ni kuruka viunzi. Hakunizidi kwa miaka mingi, lakini nilimwita Mzee kwa sababu ndiye aliyeniajiri, naye akaniita mtu wa ziwa.

"Mtu wa ziwa, farasi amekula?"

"Amekula, Mzee. Amekula kuliko mimi mwenyewe."

"Basi leo wewe ndiye hutaruka."

Nilipanga chumba Munyaka, nikawa natembea kwenda kazini kabla jua halijachomoza vizuri. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mkimbiaji pia, wa aina ambayo hamtamwona jukwaani. Kazi yake ilikuwa kutangulia mbele kwa kasi iliyokubaliwa ili wenye majina wamfuate, kisha mbio zikikolea yeye anatoka kando na kuvaa suruali. Aliipenda kazi hiyo, ambayo wao huiita kuvuta. Alisema hajawahi kushindwa kwa sababu hajawahi kumaliza.

Lazima nieleze desturi moja ya mji ule, maana bila hiyo hutaelewa kosa letu. Eldoret watu hupima mapigo ya moyo asubuhi kama watu wa kwetu wanavyoliangalia ziwa kabla ya kutoka. Mtu akiamka, kabla hajashusha miguu kitandani, anaweka vidole shingoni na kuhesabu. Moyo unaopiga mara chache ni moyo uliofanya mazoezi, na mwenye nao atakuja kujisifu kwenye kibanda cha chai.

"Mimi leo niko chini ya arobaini," jirani yangu angesema.

"Wewe ulishakufa," mwenzake angemjibu. "Hujaambiwa tu."

Wauza mboga walijipima. Makarani walijipima. Hata mimi nilianza kujipima, na nilikuwa nikiaibika.

Basi asubuhi moja nikimsugua yule farasi nikaweka sikio nyuma ya kiwiko, kama nilivyozoea tangu Timboroa. Moyo ukapiga, ukapiga, ukanyamaza. Nikangoja. Ukapiga mara tatu kwa haraka kama mtu aliyechelewa, ukanyamaza tena, muda mrefu kuliko mwanzo. Nikaenda kumwita mwenye farasi. Alikuja na kikombe chake cha chai, akainama, akasikiliza, kisha uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Unajua hii ni nini? Ameiva! Huu ni moyo wa mkimbiaji. Wangu ulikuwa unaruka hivi hivi nikiwa kwa mazoezi. Daktari wa ng'ambo aliita wenzake waje wausikilize."

Jioni nikamweleza jirani yangu. Yeye pia akafurahi. "Mwambie hongera," akasema.

Huko Nanyuki mtu angepiga simu kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huko kwetu mtu angesema mnyama amerogwa, na angalau angempumzisha. Eldoret tulimwongezea mazoezi.

Haikuchukua muda mrefu. Jumamosi moja mwenye farasi alikuwa akijiandaa kwa mashindano, amepanga viunzi uwanjani. Kiunzi cha kwanza na cha pili alivuka vizuri. Cha tatu alikigonga. Kabla ya cha nne farasi akasimama ghafla, na Mzee akapita juu ya shingo yake na kutua kwenye nyasi. Akainuka, akapanda tena, akampiga kwa fimbo. Farasi akaenda hatua chache, miguu ya mbele ikalegea kama ya mlevi. Jasho lilikuwa likimtiririka na pua zimepanuka. Nikakimbia, nikashika hatamu.

"Shuka, Mzee."

"Sishuki. Ni ujeuri tu huu."

"Shuka. Akianguka atakulalia."

Akanitazama jinsi mtu anavyomtazama aliyemkosea mbele ya wageni, ingawa hakukuwa na mgeni. Lakini alishuka.

Daktari wa mifugo alikuja siku ile ile, mama mmoja mwenye buti za mpira na sauti ya chini. Alisikiliza kwa muda mrefu sana, kisha akambandika farasi nyaya za mashine ya kuchora moyo, na karatasi ikatoka na mistari. Alituonyesha. Milima midogo ilikuwa imesimama popote ilipotaka, mingine imebanana, mingine imeachana.

"Vyumba vya juu vya moyo haviminyi tena," akasema. "Vinatetemeka tu, kama sufuria ya maji yanayochemka. Vya chini havijui vifuate amri gani. Akiwa amesimama hapa hasikii kitu. Ukimwambia aruke, damu haitoshi."

"Lakini moyo wangu pia ulikuwa unaruka," mwenye farasi akasema.

"Najua. Hata farasi mwenye afya akitulia, moyo unaweza kuacha pigo moja. Lakini unaacha kwa mpangilio, na akianza kutembea pengo linaondoka. Huu hauna mpangilio, na hauondoki. Mlimtembeza mkasikiliza tena?"

Hatukusikiliza tena. Tulikuwa tumeshafurahi, na mtu aliyefurahi hasikilizi mara ya pili.

Alieleza kuwa kuna dawa ya kujaribu kuurudisha moyo kwenye mwendo wake. Ni ngumu kupatikana, lazima itolewe mashine ikiwa imefungwa muda wote, na yenyewe inaweza kuuvuruga moyo zaidi. Tena ugonjwa ukishakaa sana, nafasi ya kufaulu inapungua, na hatukujua ulianza lini. Mwenye farasi alitazama juu.

"Kwa hivyo ameisha."

"Sijasema hivyo. Anaweza kuishi miaka mingi akipewa kazi anayoiweza. Kutembea. Mchakamchaka kidogo mahali tambarare. Viunzi hapana, shoti hapana. Anayempanda awe mtu mzima, anayejua hali yake na kukubali kwamba anaweza kuanguka naye. Mtoto, kamwe. Mgeni asiyejua, kamwe." Akakunja karatasi yake. "Kama wewe hutaki farasi wa kutembea, kuna mama mmoja huko Soy, mkulima. Anatafuta farasi mtulivu wa kuzungukia shamba. Nikimwambia ukweli bado atamtaka. Ila hana cha kukupa."

"Sikumnunua ili nimgawe," mwenye farasi akasema.

Ndipo kazi yangu halisi ilipoanza, na nitasema wazi kwamba sijawahi kupenda kazi kama hiyo. Kila asubuhi kabla ya chakula niliweka sikio pale nyuma ya kiwiko. Nilitazama ufizi kama una rangi yake, nikatazama mbavu zinavyopanda, nikapapasa chini ya tumbo nione kama pamevimba. Kisha nilimpanda na kutembea naye mpaka mgongo wake upate joto, ndipo nikamruhusu mchakamchaka mfupi, halafu kutembea tena. Akihema kupita kiasi, nilishuka na kumwongoza kwa miguu. Kikohozi kipya au uchovu usio na sababu, nilipiga simu kwa daktari.

Jirani yangu alinisaidia bila kuombwa. Wakimbiaji wa mji ule wana mkanda wa kifuani unaotuma mapigo ya moyo kwenye saa ya mkononi. Wake ulikuwa mfupi mno kwa farasi, kwa hiyo akaurefusha kwa tyubu ya baiskeli, tukalowesha manyoya kwa maji ya chumvi na kumfunga nyuma ya miguu ya mbele. Nikaanza kutembea na farasi, yeye akifuata ubavuni huku ameikodolea saa macho.

"Hii saa imeharibika," akasema. "Inapanda, inashuka, inapanda. Haijui inasema nini."

"Haijaharibika. Ndivyo alivyo."

Akaondoa macho kwenye saa. "Pole," akamwambia farasi, si mimi.

Tangu siku hiyo alikuja mara nyingi baada ya mazoezi yake. Daktari alikuwa ametupa kiwango ambacho moyo haupaswi kukipita tukiwa kwenye mchakamchaka, na jirani aliisoma ile saa kwa uaminifu wa kocha. Ikikaribia kiwango aliinua mkono, nami nikavuta hatamu. Daktari aliporudi, alifunga mashine yake chini ya blanketi la tandiko, akaniambia nipande kilima kidogo na kushuka. Aliitazama karatasi, akasema tu, "Endelea hivyo hivyo." Nilitembea kurudi Munyaka kama niliyepandishwa cheo.

Lakini Eldoret ni mji unaokimbia. Barabara za Elgon View, za murram bila lami, asubuhi zilijaa vikundi vya wakimbiaji, na sisi katikati yao tukitembea. Walitupita kulia na kushoto, wakirudi walitupita tena.

"Mzee, mfunge kamba tumvute!"

"Huyo anaenda kliniki ama anatoka?"

Mwendesha boda boda mmoja alikuwa akipunguza mwendo kila mara ili anitukane vizuri. "Buda, hiyo injini imenoki! Peleka kwa fundi!"

"Yako imenoki tangu mwaka jana," nikamjibu, "na bado unabeba watu."

Abiria wake akacheka mpaka akamshika mabega. Sikushuka, sikugeuza njia, sikutafuta vichochoro. Tulipita barabara kubwa kila siku, mchana kweupe, polepole.

Mwenye farasi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alisimama langoni akitutazama tukirudi, akageuka kabla hatujamfikia. Hakumpanda tena hata mara moja.

"Unanitembezea farasi kama jeneza," akaniambia siku moja. "Watu wananiuliza dukani."

"Waambie anaendelea vizuri."

"Mtu haendelei vizuri akitembea!"

Alipoona kwamba hatapata mruka viunzi wa kumnunua, akatafuta mtu mwingine. Alikuwa bwana mmoja wa farasi wa Jumapili, yule anayekwenda kwenye viwanja vya sherehe, anapandisha watoto, wanapigwa picha, kisha wanazungushwa mbiombio huku wazazi wakipiga makofi. Mwenye farasi aliniambia asubuhi ile nikiwa nafagia.

"Leo anakuja mtu. Wewe utanyamaza. Ninyi watu wa ziwa mna maneno mengi."

"Anabeba watoto, Mzee."

"Nimesema utanyamaza."

Yule bwana alikuja na kamba yake begani. Alikuwa mtu mchangamfu, alimpapasa farasi shingoni, akainua kwato moja moja, akafungua mdomo kutazama meno. Aliridhika. Akauliza, "Ni mpole?"

"Kama kondoo," mwenye farasi akasema. "Muulize saisi wangu."

Aliamini nitanyamaza. Nadhani aliamini hivyo kwa sababu mtu aliyehamahama kama mimi huonekana kama mtu asiye na pa kusimama.

"Ni mpole sana," nikasema. "Na moyo wake unapiga ovyo. Mtembeze na mtu mzima mgongoni, ataishi mpaka akuzike. Mkimbize, anaweza kuanguka mtoto akiwa mgongoni. Weka sikio hapa."

Yule bwana akamtazama mwenye farasi, akanitazama mimi, akavua kofia na kuweka sikio. Alikaa hapo muda mrefu. Aliponyanyuka hakuwa mchangamfu tena. Akaanza kuikunja kamba yake.

"Mzee," akasema, "mimi nabeba watoto wa watu."

Lango lilipofungwa nyuma yake, mwenye farasi alikuja mpaka akawa karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Umefurahi? Sasa sikiliza. Kesho naita mtu wa bunduki. Farasi asiyekimbia ni mzigo. Tutamaliza hii kitu."

Ningeweza kumbembeleza. Nilikuwa nimebembeleza waajiri katika miji mitano. Siku ile maneno ya kubembeleza hayakunijia.

"Mzee, wewe pia ulikatazwa kukimbia," nikamwambia. "Magoti yalikataa. Mbona hakuna aliyekuitia bunduki?"

Nilidhani atanipiga. Aliinua mkono, kisha mkono ukaenda kwenye goti lake, ukakaa pale. Farasi alikuwa akitafuna nyasi nyuma yetu, hajui anaamuliwa nini. Mwishowe mwenye farasi aligeuka, na akaongea akiwa amenipa mgongo.

"Mchukue mgonjwa wako. Mpeleke kwa huyo mama wa Soy, mpeleke popote. Jua likizama nisimkute, na wewe nisikukute."

"Na tandiko?"

"Chukua na tandiko!" akapaza sauti, akaingia ndani.

Nilimpigia daktari simu nikiwa bado nimeshika ufagio. Alimpigia mama wa Soy, kisha akanirudia. Mama alikuwa tayari, zizi lilikuwa tayari. "Nenda kwa kutembea tu," daktari akasema. "Pumzika mara kwa mara, mpe maji, vilima vyote shuka umwongoze. Saisi, asante." Nikamwacha farasi bandani, nikapanda boda boda hadi Munyaka kuchukua begi langu. Vitu vyangu vyote viliingia humo, kama kawaida. Jirani alikuwa mlangoni akifua viatu.

"Unahama tena?"

"Nahama na farasi. Namtoa kwa kutembea mpaka Soy."

Akaacha viatu majini. Akavaa vingine, akachukua mkanda na saa. "Nitakuvuta mpaka mwisho wa mji," akasema.

Ndivyo tulivyoondoka Eldoret. Nilitoka langoni nimempanda, begi mgongoni, sikugeuka kuangalia kama kuna mtu dirishani. Tulipanda kuelekea mjini, jirani ametangulia barabarani kwa mavazi yake ya mbio, akitembea. Sijui kama mtu mwingine aliwahi kumwona akitembea kazini. Kila mara alitazama saa, akanionyesha kidole gumba. Katikati ya mji magari yalipiga honi, makarani wakatoka kwenye milango ya benki, wauza matunda wakainuka kututazama. Yule mwendesha boda boda alikuwa kwenye kona yake.

"Buda! Bado haijatengenezwa?"

"Bado!" nikamjibu. "Na inaenda!"

Tulipita Maili Nne tukashika barabara ya Kitale. Kikundi cha wakimbiaji kilikuja nyuma yetu, viatu vikichapa lami kwa pamoja, kikatupita. Mmoja wao alimtambua jirani yangu, akageuka akikimbia kinyumenyume.

"Wewe! Leo unavuta nani?"

"Huyu hapa!" jirani akapaza sauti, akionyesha farasi.

Nyumba zilipoanza kupungua na mashamba ya mahindi kufika barabarani, akatazama saa kwa mara ya mwisho. Akamfungua farasi mkanda, akaukung'uta maji ya chumvi, akampapasa shingoni. Kisha akafanya kama afanyavyo siku zote. Akatoka kando ya barabara, akasimama kwenye nyasi, mikono kiunoni, akatuacha tupite.